Kamera ya Kwanza: Usinunue Jina, Nunua Lenzi

Ntheo hailetwi mara mbili. Mbuzi hao wa desturi ya Wakamba wakishafikishwa kwa wazazi wa msichana, jambo limekwisha, na mpiga picha aliyeharibu hawezi kuwaomba wazee warudie. Kijana wa Kangundo anayetaka kuingia kazi hii yafaa akumbuke hilo kabla ya kutoa fedha zake.

Wengi hununua jina. Humaliza akiba yote kwa kamera kubwa ya DSLR, wakabaki na lenzi hafifu iliyokuja nayo. Jioni, ndani ya nyumba yenye taa moja, nyuso hazionekani. Afadhali kamera ya mtumba. Tangu viwanda vigeukie kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani, DSLR zimeshuka bei. Fedha itakayobaki inunue lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo huingiza mwanga karibu mara 10 kuliko ya f/5.6.

Kisha ajifunze. Aende soko la Tala, aombe ruhusa, apige picha za watu wakitembea. Shata ikiwa sehemu ya 60 ya sekunde, mpita njia huweza kutoka na ukungu. Ikiwa sehemu ya 250, hutulia, lakini mwanga hupungua mara 4, hivyo hana budi kupanua tundu au kupandisha ISO.

Vidole vikishayajua hayo bila kuangalia, ndipo akubali kuitwa kwenye ntheo ya watu.