Kukanda kiungo kilichovimba: manufaa yake, mipaka yake na adabu zake

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Baada ya darsa la akina mama, mama mmoja alibaki nyuma pamoja na binti yake. Alinieleza kwamba aliugua saratani ya titi, akapasuliwa, na akapona kwa rehema za Mola wake. Mwaka wa pili mkono wa upande ule ukaanza kuvimba, hata bangili zake zikawa hazipiti tena. Jirani mwenye nia njema akampeleka kwa mkandaji, naye akaubinya mkono kwa nguvu zake zote. Usiku ule mkono ukawa mwekundu na wa moto, na homa ikampanda. "Sheikh," akauliza, "kukandwa ni halali? Na kama ni halali, mbona kumenidhuru?"

Swali lake linazihusu nyumba nyingi, kwa hiyo leo tulitazame kwa utulivu.

Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa mingine myembamba inayokusanya majimaji yanayobaki katikati ya nyama. Majimaji hayo, yaitwayo limfu, hupita katika tezi za kwapani, kinenani na shingoni, ambako huchujwa, kisha hurudi katika damu kwenye mishipa mikubwa iliyo chini ya shingo. Limfu haisukumwi na moyo kama damu. Huenda kwa kujikaza kwa mishipa yake yenyewe, kwa kutembea kwetu na kwa kupumua kwetu. Njia ikiharibika, kiungo huvimba. Kwa mama yule, tezi za kwapani ziliguswa na matibabu ya saratani. Kwa wenye matende, ambao watu wa Tanga, Lindi, Unguja na pwani ya Kenya wanawajua vyema, njia huharibiwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu.

Mkono mwepesi

Katika miaka ya 1930, Emil Vodder wa Denmark, akishirikiana na mkewe Estrid, alitengeneza namna maalumu ya kukanda kwa ajili ya limfu. Haifanani na kuchua tunakokujua. Mkono huivuta ngozi taratibu sana, bila kubinya nyama na bila maumivu. Mtaalamu huanzia shingoni na sehemu zisizovimba ili kuifungua njia, ndipo auendee uvimbe. Kwa hiyo anayeambiwa avumilie maumivu ili apone, ajue kwamba hayo siyo matibabu haya.

Manufaa yake yapo: uzito wa kiungo hupungua na ngozi hulainika. Lakini kukanda peke yake hakutoshi. Nguzo ya tiba hii ni bandeji au soksi maalumu za kubana, pamoja na mazoezi mepesi na utunzaji wa ngozi. Asiyefungwa bandeji, uvimbe humrudia upesi. Ama matangazo yanayodai kwamba kukanda huku huyeyusha mafuta ya mwili au huondoa kila sumu, tusiyaamini. Kinachosogezwa ni maji, na figo na ini ndivyo Allah alivyovipa kazi ya kuusafisha mwili.

Usikimbilie kukanda

Si kila uvimbe ni wa limfu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani, na kuukanda kunaweza kulisogeza bonge hilo hadi mapafuni na kuua. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na kukosa pumzi, yawezekana ni maradhi ya moyo au figo. Mja mzito akivimba uso na mikono huku kichwa kikimuuma na macho yakiona ukungu, apelekwe hospitali saa ile ile. Na kiungo chenye wekundu, joto na homa kina maambukizi: kinahitaji dawa za hospitali, wala kisikandwe mpaka kipoe.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na pia amefundisha kwamba anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Basi mkandaji aulizwe amejifunza wapi.

Adabu za sheria

Kukandwa kwa ajili ya tiba ni halali. Mwanamke atibiwe na mwanamke, na mwanamume na mwanamume. Asipopatikana, dharura huruhusu, lakini kwa kiasi chake: pafunuliwe panapohitajika tu, na awepo maharimu. Mume asimzuie mkewe matibabu kwa kisingizio cha wivu, ilhali njia ya halali ipo.

Aliyefungwa bandeji ambayo kuifungua kunamdhuru, huosha palipo wazi na kupangusa juu ya bandeji. Katika madhehebu ya Imamu Shafi huongeza tayammamu. Kwa ufafanuzi amwone mwanachuoni aliye karibu naye.

Kwa wenye matende, Tanzania Bara ilianza kugawa vidonge mwaka 2000 na Zanzibar mwaka 2001. Dawa hizo huzuia maambukizi yasienee, lakini haziurudishi mguu uliokwisha kuharibika. Mguu huo hutunzwa kwa kuoshwa kila siku kwa maji safi na sabuni, kukaushwa vizuri hadi katikati ya vidole, kuinuliwa wakati wa kupumzika, na kuvalishwa kiatu kisichochubua. Sisi tunaopitisha maji katikati ya vidole kwa udhu tusione uzito wa kumwosha mzazi wetu mguu huo. Wengi wao wamefichwa vyumba vya uani kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ni yetu, si yao.

Mama yule nilimshauri arudi hospitali alikopasuliwa, atibiwe homa kwanza, kisha aulizie kitengo cha fiziotherapia. Binti yake aliahidi kumsindikiza.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam.