Je, Wajua? Mbege, Pombe Isiyopenda Safari

Ukizunguka Tanzania ukionja pombe za kienyeji, Iringa utanywa ulanzi unaogemwa kwenye mianzi, Kagera utakaribishwa rubisi ya ndizi. Ukifika Moshi, Marangu au Rombo, kwa Wachaga, utakuta mbege. Hiyo ni lazima uifuate ilikopikwa, na sababu imo ndani ya chombo chenyewe.

Mbege huanzia kwenye mgomba. Ndizi mbichi imejaa wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Ikiiva, sehemu kubwa ya wanga huo hugeuka sukari, ndiyo maana zinazotakiwa ni mbivu hasa. Humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe na rangi ya hudhurungi, kisha huachwa siku kadhaa zichache. Hamira ya dukani haihitajiki. Ya asili huingia yenyewe pamoja na bakteria wanaoleta ukakasi. Maji yanayochujwa hapo huitwa nyonyo.

Kisha unakuja ulezi. Hulowekwa, huachwa uote, huanikwa na kusagwa kuwa kimea. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na kimea cha ulezi kina nguvu kwa kazi hiyo kuliko cha mahindi. Uji wake ukichanganywa na nyonyo, hamira hupata chakula kipya, povu likapanda, na pombe ikawa nzito kiasi cha kushibisha.

Uchungu wake unatokana na magome ya msesewe, mti ambao wanasayansi huuita Rauvolfia caffra. Kazi yake ni ile ile ya maua ya hopsi katika bia ya chupa: kukata utamu. Mmea wa jamii hiyo hiyo huko India, Rauvolfia serpentina, ndio uliowapa watafiti reserpini mwaka 1952, dawa iliyotumika sana kushusha shinikizo la damu.

Bia nyingi za kiwandani huchujwa au kupashwa moto ili hamira ife au iondoke. Mbege haifanyiwi hivyo. Hamira iko hai, inaendelea kula sukari na kutoa kilevi na gesi. Ikishachanganywa, kwanza huwa tamu, kesho yake kali, baadaye chachu isiyonyweka. Ukiifungia kwenye chupa na kuipandisha basi la Dar es Salaam, gesi inaweza kurusha kizibo kabla hujafika, na itakayobaki haitakuwa ile uliyoinunua.

Kwa hiyo ukiingia kilabuni, muulize mama anayeuza: "Mama, hii imechanganywa lini?" Apendaye utamu achague changa, atakaye ukali achague iliyolala. Na kabla ya kupiga funda, tikisa kata yako, maana ulezi hutuama chini.