Ziwa letu ni kubwa, lakini lina kina gani?

Ukikaa jioni kwenye mawe ya Mkuyuni ukatazama maji, ni rahisi kuamini kwamba huko chini hakuna mwisho. Mzee mmoja anayeshona nyavu hapa kwetu husema ziwa halina kitako. Shikamoo nampa kila siku, ila kwa hilo huwa tunabishana.

Kitako kipo, tena hakiko mbali. Sehemu yenye kina kikubwa zaidi Ziwa Victoria ina mita 80 hivi. Chukua uwanja wa CCM Kirumba, usimamishe wima pale: goli la juu litabaki nje ya maji. Sasa nenda Ziwa Tanganyika na uwanja huohuo. Utahitaji viwanja kumi na vinne, kimoja juu ya kingine, maana kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni Baikal tu, kule Urusi, linalolizidi kwa kina kati ya maziwa.

Tupunguze vipimo. Tuseme kila kilomita moja iwe sentimita moja. Victoria litakuwa na urefu wa mita tatu na kitu, kama mkeka mkubwa wa sebuleni, na maji yake hayatafika unene wa milimita moja. Ni mkeka uliolowa! Tanganyika litakuwa mfereji mwembamba wa karibu mita saba, wenye kina cha sentimita moja na nusu. Ndiyo maana Tanganyika, lenye eneo lisilofika nusu ya Victoria, lina maji zaidi ya mara sita.

(Kina kidogo hakimaanishi usalama, jamani. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 karibu kabisa na Mwanza, mahali penye mita 25 hivi.)

Tofauti hii imetoka wapi? Tanganyika lipo ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi imekuwa ikivutwa pande mbili na kupasuka kwa mamilioni ya miaka, na katikati ikadidimia. Uso wa maji yake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo piga hesabu: kitako chake kiko karibu mita 700 chini ya usawa huo. Ufukwe wa Bahari ya Chumvi, unaosifiwa kuwa nchi kavu ya chini kuliko zote duniani, uko mita 430 hivi tu chini ya usawa wa bahari.

Victoria lenyewe limekaa kwenye uwanda kati ya mikono miwili ya Bonde hilo. Ardhi ya magharibi ilipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea huko ilizibwa, maji yakatuama. Sahani ya namna hiyo hukauka upesi: chini ya tope la ziwa watafiti wamekuta udongo wa zamani wenye mabaki ya mizizi ya mimea, dalili kwamba miaka kama 15,000 iliyopita hapa palikuwa nchi kavu.

Basi Tanganyika lina raha? Hapana. Kina nacho kina gharama yake. Chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni, na samaki hawaishi huko. Virutubisho vinavyozama hubaki vimefungiwa chini, hadi upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba, usukume maji ya juu kuelekea kaskazini. Hapo maji ya baridi hupanda upande wa kusini yakiwa na chakula cha vijimea vidogo vya majini. Dagaa wa Kigoma (ambao, watu wa Mwanza mnisamehe, ni watamu kuliko wetu) wanategemea mzunguko huo.

Mwaka 2003 tafiti mbili, moja kwenye jarida la Nature na nyingine Science, zilionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto na kuwa mepesi zaidi, hivyo upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini kama zamani. Ule wa Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Uvuvi uliopitiliza nao una mchango wake. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi huko kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, katikati kabisa ya msimu wa kusi.