Je, Wajua? Jirani Hufika Kabla ya Gari la Zimamoto

Je, wajua kwamba wengi waliookolewa chini ya vifusi katika tetemeko la Kobe, Japani, hawakutolewa na jeshi wala zimamoto? Ilikuwa Januari 17, 1995, kama saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, watu bado wamelala. Barabara zilikatika, mabomba ya maji yakapasuka, magari ya uokoaji yakakwama huku moto ukiruka kutoka nyumba hadi nyumba. Zaidi ya watu 6,400 walikufa. Walionusurika chini ya nyumba zilizoanguka walitolewa, kwa sehemu kubwa, na ndugu na majirani.

Ng'ambo kidogo, katika kisiwa cha Awaji, kulikuwa na mji mdogo wa Hokudan, jirani kabisa na kitovu cha tetemeko lile. Huko walifukiwa watu karibu 300. Wazimamoto wa kujitolea, watu wa hapohapo wenye kazi zao nyingine, walijua nyumba hii bibi analala chumba kipi na ile watoto wanalala upande gani. Hawakupoteza muda kufukua sebule. Kazi ya kutafuta watu ikamalizika siku hiyohiyo. Wewe unayeishi ghorofani Kariakoo au Mombasa, hebu jiulize kama jirani wa ukuta mmoja anajua mama mkwe wako akija kukutembelea hulala chumba gani.

Upo wakati, hata hivyo, ambapo kumsubiri mwenzako ndiko kunakoua. Watu wa pwani ya Sanriku, kaskazini mashariki mwa Japani, wana kanuni yao ya tsunami wanayoiita "tendenko": kila mtu akimbie kivyake, asirudi nyumbani kumfuata mama wala mtoto. Kwetu sisi tuliolelewa kwa undugu, agizo hilo linasikika kama uchoyo. Hesabu yake ni hii: ikiwa baba ana hakika kwamba mwanawe ameshakimbilia mlimani, hatarudi shuleni kumtafuta na kufia njiani. Kwa hiyo kanuni haifanyi kazi mpaka familia ikae chini mapema, ikubaliane, na kila mmoja amwamini mwenzake.

Machi 11, 2011 tsunami iliipiga pwani hiyo, na kanuni ikapimwa mjini Kamaishi. Shule mbili za mtaa wa Unosumai, moja ya msingi na moja ya sekondari ya chini, zilikuwa jirani. Wakubwa walianza kukimbia, wadogo wakafuata, wakubwa wakawashika mikono wadogo. Walipofika mahali palipopangwa wakaona ukingo wa mlima unabomoka, wakapanda zaidi. Wakafika pa pili, wakapanda tena. Ramani rasmi ya hatari ilizionyesha shule zile kuwa nje ya eneo la mafuriko ya tsunami, lakini maji yalizifunika. Katika mji mzima wanafunzi karibu 3,000 wa ngazi hizo walisalimika.

Na je, wajua kwamba mojawapo ya mifumo bora ya tahadhari duniani ni wimbo wa kubembelezea watoto? Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilipigwa na tsunami mwaka 1907. Wazee waliobaki hawakujenga mnara. Walitia habari ile kwenye hadithi na nyimbo, wakaipa jina "smong", na maagizo yake ni mepesi: ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikirudi nyuma, usiokote samaki, kimbilia kilimani. Desemba 26, 2004 tetemeko kubwa lilitokea karibu na kisiwa hicho. Katika kijiji cha Langi maji yalifika dakika kama nane tu baada ya mtikisiko, kabla mtambo wowote haujaweza kusema lolote. Nyumba zote zikaenda, na hakuna mwanakijiji aliyekufa. Kisiwa kizima, chenye watu wapatao 78,000, kilipoteza watu saba. Katika sehemu nyingine za Aceh, ambako wimbo kama huo haukuwapo, walikufa zaidi ya 160,000.

Mawimbi hayohayo yalichukua saa kadhaa kuvuka bahari hadi kwetu. Somalia walikufa watu karibu 300, Tanzania angalau kumi, Kenya mmoja. Kenya ilikuwa na muda wa kusikia habari, na watu wakaondolewa ufukweni.

Sisi wa pwani tunapenda kuamini kwamba vimbunga ni vya wengine. Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na merikebu bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu mojawapo ya kisiwa hicho kuja kuongoza kwa karafuu. Aprili 1952 kingine kikatua Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na siku zile nikawasikia watu wakisema kwa mshangao kwamba jambo kama hilo halijapata kutokea. Limetokea, ila sisi hatukulitungia wimbo.

Bangladesh ndiyo shule yenyewe. Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu kati ya 300,000 na 500,000. Miaka michache baadaye chama cha Hilali Nyekundu, wakati huo kikiitwa Msalaba Mwekundu, na serikali wakaanzisha mpango wa kujitolea wa kujiandaa na vimbunga. Leo una watu zaidi ya 70,000, kila kikosi kikiwa na kijiji au mtaa wake. Vifaa vyao ni redio, kipaza sauti cha mkononi, king'ora cha kuzungusha kwa mkono na bendera. Idadi ya bendera zinazopandishwa mlingotini huonyesha hatari imefika kiwango gani, hivyo hata asiyejua kusoma anaelewa.

Haikufaulu mara moja. Mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua watu kama 138,000, na wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Tahadhari iliwafikia wanaume sokoni na barabarani. Wengi wa wanawake walibaki nyumbani wakisubiri waume warudi ndipo watoke, na jengo la kukimbilia lililojaa wanaume wageni halikuwa mahali pa mke wa mtu kulala. Wapangaji wakajifunza kuhesabu heshima na aibu pamoja na saruji. Vyumba vya wanawake vikatengwa, vikosi vikaandikisha wanawake, na leo wanakaribia nusu ya wanaojitolea wote. Jambo la pili ni mifugo. Mtu ambaye mali yake yote ni ng'ombe wawili hawaachi. Kwa ajili hiyo yameinuliwa matuta makubwa ya udongo ambako ng'ombe hupandishwa maji yakija. Mfugaji yeyote wa Monduli au Kajiado hahitaji kuelezwa zaidi. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, katikati ya korona, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa, na waliokufa nchini humo hawakufika hata mia moja.

Cuba nayo, tangu 1986, imekuwa na zoezi la nchi nzima la kujiandaa na vimbunga, kabla msimu haujaanza.

Msumbiji, baada ya mafuriko ya mwaka 2000 yaliyoua watu wapatao 700, iliunda kamati za maafa za vijiji. Kamati hizo hujulisha kwa bendera za rangi: buluu ni kwamba kimbunga kinaweza kufika baada ya saa 24 hadi 48, njano ni ndani ya saa 24, nyekundu ni ndani ya saa sita. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira Machi 2019 bado walikufa zaidi ya 600 nchini humo. Bendera haizuii mto kufurika. Inampa mtu saa chache za kuondoka, na lazima awe na pa kwenda.

Ukame nao ni maafa, ila huja polepole bila kishindo, na pengine ndiyo maana hauandikwi sana magazetini. Je, wajua kwamba Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania? Misitu ilikuwa imefyekwa kwa vita dhidi ya mbung'o na kwa ajili ya mashamba ya pamba. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Maofisa walianza kwa miche ya kigeni ya kwenye vitalu, lakini kilichoshika ni ngitili: desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza na kukifungua kiangazi kikiwa kikali. Eneo likifungwa, visiki vya zamani huchipua vyenyewe. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hushughulikiwa na dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wapo kuhakikisha. Kutoka hekta kama 600 za ngitili mwanzoni, zilifika zaidi ya 300,000. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mimi ningempa tuzo mtu aliyekubali kuacha kitalu na kumsikiliza mzee wa kijiji.

Ukambani, Kenya, watu huhifadhi maji ndani ya mchanga. Hujengwa ukuta wa zege na mawe kukatiza mto wa msimu, juu kabisa ya mwamba. Mvua zikija mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa kati ya chembe zake, kiasi cha robo ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii, mbu hawazaliani humo, na kiangazi wanawake hufukua kidogo wakachota. Mawe na mchanga wa ujenzi hubebwa na vikundi vya mwethya, ushirika wa kazi wa Wakamba, sawa na harambee ya jembe na karai.

Ubunyore, katika Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umetabiri mvua kwa vizazi vingi kwa kuangalia miti, ndege na vyura katika vijisitu vyao vitakatifu. Wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya walikaa nao mezani, wakalinganisha dalili na takwimu, kisha wakatoa utabiri mmoja. Wakulima waliokuwa wakiupuuza wa serikali wakaanza kuusikiliza, kwa kuwa sasa unasemwa na watu wanaowajua.

Goma, mashariki mwa Kongo, wenyeji huyaita mazuku yale mashimo na mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni dioksidi hutulia kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Hatari ni kubwa alfajiri, upepo ukiwa umelala. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama. Mtoto au mbuzi akaanguka palepale. Usalama unategemea kujua shimo lipi, na wanaolijua ni wanaoishi karibu nalo.

Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, wengi wao wa mabondeni. Mitaa ile ilikuwapo mjini, lakini kwenye ramani ilikuwa kama doa tupu. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walipita kwa miguu, uchochoro kwa uchochoro, wakichora nyumba na mitaro na kuuliza maji hufika wapi. Mwenyeji huonyesha alama ukutani: mwaka ule yalifika hapa, mwaka mwingine yalifika kitasa cha mlango. Alama hizo zikaingia kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bure.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inazishusha kamati za maafa kutoka taifani hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ukienda ofisi ya serikali ya mtaa wako kugongewa muhuri wa barua ya utambulisho, uliza pia wajumbe wa kamati hiyo ni akina nani.