Motokaa Yenye Vitanda na Rangi Yake

Liko jambo lililotupata nyumbani mwetu, nasi twaona vema kuwaeleza, ili ambaye hajapatwa ajihadhari.

Tunayo motokaa kubwa ambayo ndani yake mna vitanda, meza na jiko, nayo ndiyo nyumba yetu tuendapo kuwatazama jamaa walio mbali. Siku moja ubavu wake uligonga nguzo ya lango, bati likabonyea na kutu ikaanza. Tukampelekea fundi mmoja hapa Nairobi. Alitaja bei kwa kinywa tu, nasi tukamlipa yote siku ile ile. Alipotuita ilikuwa jioni. Tukaitazama kwa taa, yang'aa kama kioo, tukarudi tukishangilia.

Masika hayajaisha, rangi ikafura malengelenge. Tena mchana kweupe tuliona uso wake una vidutu kama ganda la chungwa, na mlango haufanani na ubavu. Ndipo tulipokumbuka neno la wazee: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Fundi wa pili alitufumbulia. Kutu haikusuguliwa mpaka chuma kitupu. Ilifunikwa kwa puti nene, na puti hunywa maji. Isitoshe, mvua ilikuwa ikipenya kwenye maungio ya dirisha. Motokaa nyingi za namna hii zina mbao nyuma ya bati, na zetu zimeanza kuoza. Apakaye rangi asizibe mwanya, amepaka chokaa kaburi.

Hasira ilituambia twende tukamgombeze yule wa kwanza. Lakini tulipiga picha, tukamwandikia barua ya adabu, tukimpa siku kumi na nne atengeneze upya. Alijibu kwamba kuondoa kutu hakukuwamo katika mapatano, nasi hatukuwa na karatasi ya kumkanusha. Mwisho alikubali kupaka rangi tena; kutu, mbao na dirisha tukalipa sisi.

Basi, jifunzeni kwetu. Mapatano yaandikwe: kutu itaondolewaje, rangi ipi, bei gani. Fedha nyingine ibaki mkononi mpaka kazi ikaguliwe juani. Chukueni sumaku: hushika chuma, lakini penye puti nene hulegea. Ila ubavu wa alumini au faibaglasi haushiki sumaku kabisa, msije mkamsingizia fundi.

Naye fundi akikataa katakata, Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima mdai awe na wakili. Lakini hata huko mtaulizwa karatasi na picha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo tulilijua tangu utoto. Mwaka huu tumelilipia.