Saa ya Jua na Saa ya Maji: Kupiga Picha za Mandhari ya Pwani (Sehemu ya Pili)

Mpiga picha anayefika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, usiku wa mwezi mpevu, akiwa na hamu ya kuupata mwamba mtupu wakati jua linachomoza, atasubiri bure. Saa kumi na mbili asubuhi atakuta maji yangali mengi, yamefunika mashamba ya mwani na mabwawa yote aliyoyaona kwenye picha za wenzake. Mwamba anaoutaka utaanikwa baadaye, mnamo saa nne na nusu, jua likiwa juu na vivuli vimefupika. Akirudi kesho yake, hali ni ile ile. Tatizo si bahati mbaya. Pwani ya Afrika Mashariki ina ratiba yake, na vitabu vingi vya upigaji picha, vilivyoandikwa kwa ajili ya pwani za mbali, haviitambui.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilizungumzia kamera na lenzi. Hii inahusu maji, mwanga na upepo, kwa kuwa huko pwani hivyo ndivyo vinavyoamua picha itakuwaje kabla mtu hajagusa shata.

Bahari ya Hindi katika ukanda huu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Baina ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache, na kila siku mzunguko mzima huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa sababu mwezi nao huchelewa kurudi juu ya mahali pale pale. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mvuto wake na wa jua huungana, na baada ya siku moja au mbili huja bamvua. Wakati huo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huko Unguja na Mombasa inaweza kufikia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukinzana, yakaja maji mafu yanayopanda na kushuka kwa kiasi cha mita 1 hivi tu.

Jambo la kushika ni saa zenyewe. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne na nusu, asubuhi na usiku. Ndivyo ilivyo mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo siku ambazo bahari hurudi nyuma mbali kabisa, hurudi jua likiwa limeshapanda. Na siku ambazo maji hupwa wakati wa macheo, ni zile zilizo karibu na maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali. Mwanga laini wa asubuhi na mwamba ulio wazi kabisa havikutani. Atakaye kimoja lazima akiache kingine, na ni vyema achague kabla ya kufunga mzigo.

Wavuvi wa pweza na akina mama wa mwani hawahitaji kuelezwa haya. Wanauhesabu mwezi kwa kalenda ya Kiislamu, na tarehe yake inawaambia maji yako wapi. Mpiga picha naye anaweza kuitumia hesabu hiyo hiyo. Mwezi 2 hadi 4, yaani siku ya pili hadi ya nne ya mwezi mwandamo, na 16 hadi 18 ni bamvua. Mwezi 8 au 9, na tena 22 au 23, ni maji mafu. Anayetaka maji yaliyopwa alfajiri aende mwezi 10 hadi 12, au 25 hadi 27: hatapata uwanda mzima wa mwamba, lakini atapata mchanga uliolowa, mabwawa madogo yanayoakisi mawingu, na ngalawa zilizolala ubavu. Anayetaka maji yaliyojaa wakati jua linachomoza au linazama achague mwezi 4 au 5, na 18 au 19, kwani siku hizo maji yangali na nguvu na saa ya kujaa imeshasogea hadi karibu na saa kumi na mbili.

Siku hizo za mwisho ndizo za miji ya mawe. Gati la Lamu linatazama mashariki, ng'ambo ya mkondo wa Manda, hivyo macheo huziangaza kuta zake moja kwa moja, na maji yaliyojaa huyanyanyua majahazi hadi usawa wa ukuta. Mpiga picha aliye ndani ya mashua katikati ya mkondo hupata mji mzima kwa mstari mmoja. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kinyume chake: unatazama magharibi, na saa yake ni magharibi. Mtu akikosea hilo hupata mji mweusi mbele ya anga jeupe. Katika mji huo huo Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Hazina ya picha zao inaonyesha jinsi watu walioishi hatua chache kutoka forodhani walivyoujua mwanga wa mahali pao.

Pingwe, kusini-mashariki mwa Unguja, panafundisha somo la maji kwa mfano mmoja. Hapo kuna mgahawa uliojengwa juu ya jiwe la matumbawe baharini. Maji yakipwa, wateja huuendea kwa miguu. Yakijaa, huvushwa kwa mashua. Jiwe lile lile, kwa pembe ile ile, hutoa picha mbili zisizofanana: moja ya kisiwa, nyingine ya mlima mdogo uliolika chini kwa mawimbi. Sehemu ile iliyolika ndiyo yenye uzuri, nayo huonekana tu maji yakiwa yameshuka.

Mwanga wetu nao una haraka. Lamu iko digrii 2 kusini mwa ikweta, Mombasa 4, Unguja 6, Mtwara 10. Katika latitudo hizo jua hushuka karibu wima, halitambai kando ya upeo wa macho kama linavyofanya Ulaya. London, mwezi Juni, mwanga wa baada ya jua kuzama hudumu kwa zaidi ya dakika 45. Zanzibar kiza huanza kuingia baada ya dakika 22 hivi. Maana yake ni kwamba stendi ya kamera iwe imeshasimama, na kilicho mbele kimeshachaguliwa, jua likiwa bado juu. Anayeanza kutafuta jiwe la kupendeza baada ya anga kuwa jekundu ameshachelewa. Ila asiondoke jua linapotua: dakika kumi zinazofuata, mawingu ya juu yakimulikwa kutoka chini, mara nyingi ndizo bora kuliko machweo yenyewe.

Na ile saa nne na nusu ya bamvua? Wapiga picha wengi huidharau, wakisema mwanga wake ni mkali mno. Wanakosea. Rangi ya feruzi inayowavuta watu Paje, Watamu na Mafia haipo alfajiri. Mchanga wa kule ni mweupe kwa sababu ni vumbi la matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Jua likiwa juu, miale hupenya maji yasiyo na kina, hugonga mchanga huo na kurudi, huku maji yakiwa yamemeza wekundu wake. Jua likiwa chini, miale mingi huteleza juu ya uso wa bahari, na bahari hugeuka kijivu au fedha. Saa nne ni saa ya rangi, na ni saa ya kazi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na tangu hapo wakulima wengi wamekuwa wanawake. Wao huingia baharini bamvua likipwa. Mistari ya kamba na vijiti, rangi ya mwani chini ya maji ya kina cha goti, kanga zilizolowa: hii ndiyo mandhari ya Jambiani iliyo na ukweli mwingi kuliko mnazi mmoja ulioinama.

Kamera ikiachiwa ipime mwanga yenyewe, itaharibu picha hiyo. Kipimo chake hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani, hivyo mchanga mweupe hutoka kama saruji. Dawa ni kuongeza mwanga kwa hatua moja, yaani mara mbili ya ule uliopendekezwa, huku jicho likiwa kwenye grafu ya mwanga ili weupe usipitilize. Kichujio cha kupunguza mng'ao, kile chenye pete inayozungushwa, husaidia sana: kikielekezwa kwenye maji kwa mlalo wa digrii 37 hivi kutoka usawa wa bahari, huondoa karibu mng'ao wote na kuuonyesha mwani uliomo. Kwa lenzi pana sana kitumike kwa uangalifu, maana anga linaweza kutoka na doa jeusi upande mmoja.

Ugumu wa kuliweka anga na bahari kwenye picha moja ni wa zamani. Mfaransa Gustave Le Gray alikumbana nao miaka ya 1856 na 1857, Normandy na Sète. Vioo vya kolodioni alivyotumia vilihisi zaidi mwanga wa buluu, hivyo muda uliotosha bahari ulilifanya anga liungue na mawingu yapotee. Katika baadhi ya kazi zake, ikiwemo ile ya wimbi kubwa la Sète, alipiga kioo kimoja kwa ajili ya anga na kingine kwa ajili ya maji, kisha akaviunganisha kwenye mstari wa upeo wakati wa kuchapa. Leo mpiga picha hupata matokeo hayo kwa kichujio kilichotiwa giza nusu ya juu, au kwa kupiga picha mbili za mwanga tofauti na kuziunganisha kwenye kompyuta. Kanuni ya Le Gray haijabadilika: anga na maji yanahitaji vipimo viwili.

Upepo huamua sura ya maji hayo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi, lenye nguvu zaidi, hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na kuzipiga fukwe za mashariki kwa mawimbi na chumvi. Kati ya pepo hizo mbili huja tangambili, na hapo ndipo asubuhi bahari huweza kutulia hata ngalawa ikaonekana na kivuli chake kamili. Baharia wa Australia Alan Villiers, aliyesafiri kwenye jahazi la Kikuwaiti mwaka 1938 na 1939, aliteremka na kaskazi kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, kisha akarudi na kusi. Picha zake za safari hiyo, ambazo leo ziko kwenye jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich, zilifuata kalenda ya upepo kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Tanga hupendeza zaidi jua likiwa nyuma yake: kitambaa hung'aa, viraka na mishono vikasomeka. Kipimo kichukuliwe kwenye tanga, na mwili wa chombo uachwe uwe mweusi.

Kuhusu kuacha shata wazi kwa muda mrefu, watu wameitumia mno mbinu hii. Kichujio cheusi cha hatua kumi huzuia mwanga mara elfu moja hivi. Picha iliyotaka sehemu moja ya 60 ya sekunde sasa hutaka sekunde 17. Mawimbi yote hufutika na bahari hubaki kama maziwa. Mbinu hiyo inafaa penye kitu kisichotikisika, kwa mfano nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi. Lakini ikitumika kila mahali, Nungwi haitofautiani na ziwa lolote duniani, na ngalawa inayoyumba hugeuka ukungu. Robo ya sekunde hadi sekunde moja, wimbi likirudi na kuchora mistari mchangani, huhifadhi mwendo bila kuua maji. Miguu ya stendi isukumizwe ndani ya mchanga mpaka igome, la sivyo kila wimbi litaitikisa.

Usalama pia ni sehemu ya ufundi. Maji hayapandi kwa kasi moja: katika saa mbili za katikati huongezeka kwa nusu ya kiasi chote, na mikondo iliyo nyuma ya mtu hujaa kabla ya mwamba aliosimama. Anayefika ukingoni mwa mwamba bamvua likipwa aanze kurudi mara maji yanapogeuka. Akirudi nyumbani, stendi ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na lenzi ihifadhiwe pakavu, kwani joto na unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya vioo. Kamera iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi iachwe ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje.

Wanaofanya kazi ufukweni waombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha, hata wakiwa wadogo kwa mbali. Salamu kwanza, maelezo baadaye, na anayekataa aachwe kwa heshima. Aliyekubali aletewe picha iliyosafishwa, kwa sababu ni haki yake. Kwa kamera za kurushwa angani, Tanzania na Kenya zinahitaji kibali cha mamlaka, na kibali hicho hakimpi mtu ruhusa ya kuelea juu ya vichwa vya akina mama walioinama kwenye mwani wao.

Sehemu ya tatu itaingia mikokoni, kuanzia Mida hadi Rufiji, ambako mwanga ni haba na matope hayashiki stendi.