Umeme Mwingi na Ziwa Lenye Kadiri

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, mtu asimamaye juu ya majabali ya Pasiansi, hapa Mwanza, na kuelekeza uso Ziwa Victoria huona msururu wa taa za wavuvi wa dagaa. Na taa hizo, ambazo zamani zilikuwa karabai za kupampu zinywazo mafuta ya taa usiku kucha, leo aghalabu ni taa za betri zilizoshiba jua la mchana. Gharama imepungua, moshi umepungua, na mvuvi amepata nafuu iliyo dhahiri. Lakini suali ambalo wataalamu wa dunia wamelishindania tangu kilipotoka, mwaka 1972, kitabu cha watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani juu ya mipaka ya ukuaji, yaani kama ufundi na wingi wa nishati vyaweza kuondoa mipaka iliyowekwa na maumbile, mtu wa Mwanza halifuati mbali: nuru iliyokuwa rahisi imeongeza dagaa, au imeongeza uvuvi?

Suali hili limepata uzito mpya kwetu, maadamu Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilikamilika mwaka 2025, na nchi iliyozoea mgao wa umeme imejikuta ikiuliza umeme wake utumike wapi.

Tarehe ya ziwa yafaa kusomwa kabla ya kujibu. Mwaka 1905 nyavu za makila zilizofumwa kwa kitani ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, na wavu mmoja ulikuwa ukitoa ngege hamsini hata mia kwa usiku. Ngege ni wa jamii ya sato, naye alikuwa mwenyeji wa maji haya kabla ya sato wa leo kuletwa. Haikupita miaka 25 ila wavu ule ule ulikuwa ukirudi na samaki wasiofika kumi. Serikali ya Uingereza ikamleta mtaalamu Michael Graham, akalipima ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi tano, na katika miaka ya 1930 ushauri huo ukawa sheria. Kisha, katika miaka ya 1950, zikaja nyavu za nailoni zisizooza na mashine za kufungwa nyuma ya mitumbwi, na wakati huo huo sheria ya macho ya nyavu ikalegezwa. Ufundi ulipanda daraja ilhali hadhari ilishuka, na ngege, ambaye hakupewa muda wa kuzaa, akawa nadra hata vijana wengi wa leo hawamjui.

Sangara naye aliletwa katika miaka ile ile kama tiba ya upungufu. Alipofurika katika miaka ya 1980 aliwala furu, wale samaki wadogo wa aina zaidi ya 500 ambao wataalamu wa elimu ya viumbe walikuwa wakiwastaajabia, na mamia ya aina hizo yakatoweka au yakabaki kwa taabu. Sitaki kudharau neema iliyofuata: viwanda vya minofu vilijengwa kando ya ziwa, watu wakapata ajira, na Mwanza ikajulikana Ulaya. Lakini viwanda vile viliongeza uwezo wa kutoa; kisima hakijai kwa sababu ndoo imekuwa kubwa.

Mwingereza William Stanley Jevons aliliona jambo hili mwaka 1865 katika makaa ya mawe, alipobainisha kwamba mashine za mvuke zilipotengenezwa zitumie makaa machache kwa kazi ile ile, Uingereza haikuchoma makaa machache bali mengi zaidi, kwa kuwa kila kilichorahisishwa kilipata watumiaji wapya. Mvuvi ambaye mwanga wake umekuwa rahisi hana sababu ya kuzima taa mapema.

Watetezi wa nishati nyingi watasema: basi tufuge. Vizimba vya sato tayari vimeelea katika ghuba zetu, na mimi sivipingi. Hata hivyo samaki wa kizimbani hula, na chakula chake aghalabu huchanganywa na unga wa dagaa, wale wale wa ziwani. Kisha hupumua, na hapo ndipo kikomo hukaa. Udongo unaoporomoka mashambani na maji machafu ya miji hulisha mwani; mwani ukifa huzama na kuoza, ukala hewa ya oksijeni ya chini, na katika miezi ya joto tabaka la chini hubaki bila pumzi mpaka upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti uje kuyakoroga maji. Bwawa la uani laweza kupulizwa hewa kwa mashine ya umeme. Ziwa lenye kilomita za mraba 68,800, na maji yapatayo kilomita za ujazo 2,700, hakuna mtambo wa kulipuliza, hata Rufiji yote ikielekezwa huko.

Na umeme wenyewe huwa na mizizi majini. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, hutumia mlango pekee wa ziwa hili kuingia Mto Nile. Na kati ya mwaka 2003 na 2006 kina cha ziwa kilipopungua zaidi ya mita moja, watafiti waligawa lawama kati ya ukame na maji yaliyofunguliwa kupita kipimo kilichokubaliwa.

Umeme utafaa wapi, basi? Ufukweni. Dagaa wanaoanikwa mchangani huharibika mvua inyeshapo, nao wangeokolewa na vikaushio. Sangara asiyepata barafu huishia kwenye moshi wa kuni. Na maji machafu ya mji huu wa majabali, ambao vilima vyake ni taabu kuchimbwa vyoo, yanahitaji pampu na mabwawa ya kuyasafisha. Samaki aliyeokolewa asioze ni samaki aliyeongezwa bila kuvuliwa mwingine, na hilo nishati yaliweza kwa ukamilifu. Lakini ziwani kwenyewe dawa ni hesabu. Hapa Pasiansi pana chuo kinachofundisha askari wa wanyamapori, na taifa limekubali kwa miaka mingi kwamba tembo ana hesabu yake. Sangara na dagaa wastahili hesabu ya namna hiyo.

Kwa hiyo megawati zinapogawiwa, wenye kugawa na waanze na barafu, vikaushio na maji machafu. Na kabla ya kizimba kingine kushushwa ghubani, oksijeni ya hapo ipimwe, miezi ya joto na miezi ya kusi.